Nusu Miligramu

Ilianza na kitana.
Nilikipitisha juu ya sikio la kushoto
nikaguta kama mtoto aliyegusa pasi.

Kisha taya. Mkate wa shayiri,
ule mgumu anaouoka Eilif kila Jumamosi,
niliutafuna mara nne, taya likachoka,
likagoma katikati ya tonge.
Nikasema: ni meno. Nikasema: ni umri,
sabini na tatu si jana.

Miaka arobaini nimekaza nyaya za piano,
mjini Tromsø na visiwani, makanisani, shuleni,
hata katika ukumbi wa meli moja ya abiria
iliyoyumba hadi noti ya la ikatapika.
Kwa hiyo nilipopapasa panja
nikakuta mshipa umevimba, mgumu, haupigi,
kidole kilijua kabla ya daktari:
huu ni waya wa besi,
na kuna mtu ameushika usilie.

Daktari Siw Kvammen hakungoja majibu ya maabara.
"Umeona giza?"
"Ni mwisho wa Novemba," nikamjibu. "Nani hajaliona?"
Hakucheka. "Jichoni, Torbjørg."
Ndipo nikakumbuka Jumanne:
pazia la kijivu lilishuka jicho la kushoto,
likapanda tena kabla kahawa haijapoa.

Alinichorea nyuma ya bahasha.
Ukuta wa mshipa unavimba kwa ndani,
njia inabanwa, damu inapita kwa kuomba.
Kinga yako mwenyewe ndiyo inayofanya hivi,
hatujui kwa nini.
Jicho likinyimwa, alisema,
halidai mara ya pili.

Vidonge kumi na viwili kila asubuhi, juu ya uji.
Maumivu yalitoka usiku mmoja
bila kuaga.

Lakini prednisoloni haikopeshi bure.
Saa tisa usiku nilikuwa nikipanga vijiko kwa urefu,
nikamwamsha Eilif kumwambia nampenda,
nikamwamsha tena kumwambia anakoroma kwa makusudi.
Sukari ikapanda. Mifupa ikaandikiwa kalsiamu.
Uso ukajaa, ukawa duara,
na Sunniva, mjukuu, ana miaka mitano, hana adabu ya kuficha:
"Bibi, umekuwa mwezi."
Vizuri, nikasema. Huku jua halitoki miezi miwili.
Mtu lazima awe kitu.

Lilipochungulia Januari, juu ya mlima, dakika chache,
mji mzima ulitoka na maandazi ya jamu
kama ilivyo desturi.
Nilikula nusu. Nusu nilimpa Eilif.
Nikafumba jicho la kulia, nikalitazama.
Nikafumba la kushoto, nikalitazama.
Jua lilikuwa lilelile. Nililia,
ingawa huenda ni vidonge.

Pasaka nilifanya ujinga.
Nilijisikia mzima, nikaruka ngazi mbili za kalenda
iliyobandikwa na muuguzi mlangoni mwa friji.
Siku ya tisa kitana kikapiga kelele.
Ningemfukuza mwanafunzi kwa kosa hilo!
Waya uliokazwa kupita kiasi
huulegezi kwa pupa:
ubao mzima husikia, nyaya jirani huyumba,
na kazi ya wiki hurudi mwanzo.
Nilirudi mwanzo.
Siw aliandika namba mpya, hakunigombeza.
Afadhali angenigombeza.

Sasa nashuka kwa nusu miligramu,
mwezi kwa mwezi, damu ikipimwa,
kwa wembe nakata kidonge mezani
na unga wake naulamba kidoleni.
Kuna siku nachoka nisijue ni ugonjwa,
ni dawa, au ni mimi tu.
Shule ya Kvaløya wananingoja, piano yao imeingia unyevu;
nimewaambia labda vuli.

Leo ni saba na nusu.
Nachana nywele polepole, nikisikiliza.
Kisha nafungua friji, nafumba jicho moja,
nasoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa,
nafumba la pili,
nasoma tena.